Princess Anne, kaunti iliyojikinga kwa jina la jirani

Swali: Msomaji wetu, mwalimu wa jiografia anayeishi Ruiru, ameandika hivi: "Nilimtembelea dada yangu Virginia Beach, Marekani. Nilitarajia mji wa watalii na nikaukuta, lakini siku moja tuliendesha gari karibu nusu saa, tukapita mashamba ya soya na vibanda vya kuuzia stroberi, na bado tulikuwa ndani ya jiji hilohilo. Hata mahakama na ofisi za jiji ziko huko mashambani, mbali na ufuo, mahali paitwapo Princess Anne. Jirani ya dada, mzee wa miaka themanini na ushee, aliniambia kwamba alizaliwa Princess Anne County na hajawahi kuhama. Kaunti ndiyo iliyohama. Kwenye ramani sikuiona. Je, kaunti inaweza kufa? Mji mdogo wa mahoteli uliwezaje kumeza kaunti nzima? Na mimi mkazi wa Kiambu, ninayeiona Nairobi kila asubuhi, niwe na hofu?"

Jibu:

Mwalimu, nianze na hilo la kumezwa, kwa sababu ramani ya leo inadanganya. Ukiona jina la Virginia Beach limebaki na la Princess Anne limefutika, utadhani mji ulishinda. Tazama hesabu. Katika sensa ya 1960 kaunti ya Princess Anne ilikuwa na watu zaidi ya 76,000. Virginia Beach ilikuwa na 8,091. Mji ulikuwa ukanda mwembamba wa hoteli na nyumba kando ya Atlantiki, nayo kaunti ilikuwa yote yaliyobaki: kuanzia Ghuba ya Chesapeake upande wa kaskazini hadi mpaka wa jimbo la North Carolina upande wa kusini. Muungano ulipoanza kazi tarehe 1 Januari 1963, kaunti ilileta watu, ardhi, jengo la mahakama na sehemu kubwa ya wanasiasa. Mji ulileta jina lililokuwa likijulikana na wenye likizo, na ulileta hadhi ya kisheria ya kuwa jiji. Hiyo hadhi ndiyo iliyotafutwa. Kwa hiyo mzee yule yuko karibu na ukweli kuliko ramani: kaunti ilivaa jina la jirani yake mdogo ili jirani yake mkubwa asiiguse.

Jirani mkubwa ni Norfolk, na ili umwelewe inabidi ujue kanuni moja ya Virginia ambayo karibu hakuna jimbo jingine la Marekani lililo nayo. Kwingi Marekani jiji liko ndani ya kaunti, kama Eldoret ilivyo ndani ya Uasin Gishu. Mkazi analipa kodi kwa ngazi zote mbili na kuzipigia kura zote mbili. Virginia haiko hivyo. Huko jiji haliko ndani ya kaunti yoyote. Kaunti 95 na majiji 38 yanakaa bega kwa bega, kila moja likisimama peke yake. Majiji huru ya namna hiyo Marekani nzima ni 41, na ukiondoa hayo 38 yanabaki Baltimore, St. Louis na Carson City tu.

Sasa fikiria kinachotokea jiji la aina hiyo linapopanuka. Kwingine, jiji likiongeza mtaa mpya, kaunti haipotezi kitu kikubwa. Mtaa umeingia jijini na bado uko katika kaunti. Virginia, mtaa ukiingia jijini umetoka katika kaunti kabisa. Kodi ya majengo imekwenda, watoto wa shule wamekwenda, wapiga kura wamekwenda. Tena mitaa inayochukuliwa haiwi ile ya mashamba yenye nyumba tatu. Huwa ni ile iliyojaa nyumba mpya na maduka, ambayo ndiyo kwanza imeanza kuilipa kaunti gharama ya kuijengea shule na barabara.

Na kuchukua kulikuwa rahisi kuliko unavyodhani. Tangu 1904 sheria ya jimbo iliyaruhusu majiji kufungua kesi mahakamani kudai ardhi ya kaunti. Majaji walisikiliza pande zote mbili, wakachora mpaka, wakakadiria fidia ambayo jiji litailipa kaunti kwa shule na miundombinu, na sehemu ya madeni litakayobeba. Wakazi wa eneo lenyewe hawakuulizwa kwa kura ya maoni. Mtu aliweza kulala akiwa wa kaunti na kuamka akiwa wa jiji kwa hukumu ya kesi ambayo hakuwa upande wowote ndani yake. Kizuizi kikubwa kilikuwa kimoja: jiji liliweza kutwaa ardhi ya kaunti, lakini halikuweza kutwaa ardhi ya jiji jingine.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Norfolk ilikuwa bandari kubwa yenye kituo kikuu cha jeshi la wanamaji, imejaa watu na haina ardhi. Meya wake, W. Fred Duckworth, aliyeshika wadhifa tangu 1950 hadi 1962, hakuficha nia yake ya kupanua mji. Mwaka 1955 Norfolk ilichukua eneo la Tanners Creek kutoka Norfolk County, kaunti jirani yenye jina kama lake. Januari 1959 ikageukia mashariki na kuitoa Princess Anne maili za mraba zipatazo 13, pamoja na makumi ya maelfu ya wakazi. Norfolk ilikuwa inazimega kaunti zile kama ugali, tonge baada ya tonge, na kila mtu aliyekaa mezani aliona sahani inavyopungua.

Hapa kuna jambo ambalo vijitabu vya watalii hulipita kimyakimya. Septemba 1958 serikali ya jimbo ilifunga shule sita za Norfolk ili zisichanganye wanafunzi weupe na weusi kama mahakama zilivyokuwa zimeamuru. Wanafunzi wapatao 10,000 wakakosa masomo hadi Februari 1959, shule zilipofunguliwa na wanafunzi 17 weusi wakaingia. Familia nyingi za Wazungu zilikuwa zinahamia viungani miaka hiyohiyo, na kiunga kilichokuwa kinafikika kwa urahisi kilikuwa Princess Anne. Siamini kwamba muungano wa 1963 ulitokana na ubaguzi pekee. Hesabu ya kodi ingetosha kuuleta. Lakini anayekuambia kwamba watu wa kaunti waliikataa Norfolk kwa ajili ya kodi tu, mwulize nyumba mpya za viungani zilikuwa zinauziwa nani. Kaunti yenyewe ilikuwa na shule zilizotengwa. Sekondari ya watoto weusi, Princess Anne County Training School, ilifunguliwa mwaka 1938 baada ya wazazi weusi wenyewe kuchanga fedha, kwa kuwa kabla ya hapo kaunti haikuwa na sekondari kwa ajili yao.

Aliyesukuma mpango wa kuungana alikuwa Sidney Kellam, mweka hazina wa zamani wa kaunti na kigogo wa chama cha Democratic katika ule mtandao wa kisiasa wa Harry Byrd ulioitawala Virginia kwa miongo kadhaa. Kellam alijua kwamba kaunti haiwezi kushinda mahakamani kila mara. Pia alijua kwamba pembeni yake, ufukweni, kuna mji uliopata hadhi ya jiji huru mwaka 1952. Kaunti ikiungana na jiji hilo, yote inakuwa jiji, na Norfolk inafika ukutani. Ujanja wenyewe ni mwepesi kiasi kwamba unajiuliza kwa nini haukufanywa mapema zaidi. Sababu moja ni kwamba watu wa ufukweni walikuwa wamejitoa katika kaunti miaka kumi tu iliyopita, nao walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini warudi ndoani na mtu waliyemwacha.

Kura ya maoni ilipigwa tarehe 4 Januari 1962, kila upande ukihesabiwa peke yake, na pande zote mbili zikakubali kwa wingi mkubwa. Bunge la jimbo likaidhinisha mwaka huohuo. Norfolk ilipinga, na ilikuwa na silaha: maji. Mabomba ya Virginia Beach na ya viunga vya kaunti yalitegemea maji ya Norfolk, na Norfolk haikusita kuwakumbusha wapiga kura jambo hilo. Walipiga kura hivyohivyo.

Upande wa magharibi mambo yalikwenda sambamba. Norfolk County, ile iliyopoteza Tanners Creek, iliungana na mji mdogo wa South Norfolk, na siku ileile, 1 Januari 1963, likazaliwa jiji la Chesapeake. Wao hawakutumia jina la upande wowote. Walipiga kura kuchagua jina jipya. Norfolk ikaamka mwaka mpya ikiwa imezungukwa na maji na majiji, haina pa kumega tena. Mwaka 1960 ilikuwa na watu zaidi ya 300,000. Sensa ya 2020 iliikuta na 238,005. Virginia Beach katika sensa hiyo ilikuwa na 459,470, nayo ndiyo yenye watu wengi kuliko majiji yote ya Virginia.

Ukiunganisha mambo hayo utaona kwamba Princess Anne haikuwa ya kwanza wala ya mwisho. Ng'ambo ya maji, Elizabeth City County iliungana na Hampton mwaka 1952. Warwick County ilijigeuza jiji mwaka huohuo wa 1952, kisha ikaungana na Newport News mwaka 1958. Nansemond County ikawa jiji mwaka 1972 na kuingia Suffolk mwaka 1974. Kona nzima ya kusini-mashariki ya Virginia, ambako Waingereza walianzisha kaunti zao za mwanzo kabisa, karibu imeishiwa kaunti. Elizabeth City na Warwick zilikuwa miongoni mwa zile nane za mwaka 1634. Princess Anne ilizaliwa mwaka 1691, Lower Norfolk ilipogawanywa sehemu mbili, ikapewa jina la binti wa mfalme aliyekuja kuwa Malkia Anne mwaka 1702.

Baada ya hapo jimbo nalo lilichoka na vita hivi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 bunge la Virginia lilianza kuzuia majiji kutwaa ardhi ya kaunti, na katika miaka ya 1980 zuio likawa la jumla. Kwa maneno mengine, hatari iliyoifanya Princess Anne ijifute kwenye ramani iliondolewa miongo michache baadaye.

Umeuliza kwa nini mahakama iko mashambani. Mahakama haikuhama, Mwalimu. Kaunti ilikuwa na makao yake huko bara, mahali pa katikati ambapo mkulima wa Blackwater na mvuvi wa Lynnhaven waliweza kufika. Muungano ulipokuja, jiji jipya likaweka ofisi zake palepale. Mgeni anayeshuka ufukweni akidhani yuko katikati ya jiji anakuwa kwenye ukingo wake. Kwa kweli jiji lile halina katikati, na si ajabu: ardhi yake ni kilomita za mraba zipatazo 645, pungufu kidogo tu ya Kaunti ya Nairobi, na ilikusanywa kwa sababu ya mpaka. Haikukua kutoka sokoni kwenda nje kama miji mingi inavyokua.

Hayo mashamba ya soya nayo yana historia yake. Ongezeko la watu lilikuwa la kasi: 172,106 mwaka 1970, 262,199 mwaka 1980, 393,069 mwaka 1990. Kufikia 1979 baraza la jiji lilichora mstari wa kukata nusu ya kusini, unaoitwa Mstari wa Kijani. Kusini yake jiji halipeleki mabomba ya maji na ya majitaka kwa ajili ya mitaa mipya, na bila mabomba mjenzi wa nyumba mia tano hana biashara. Tangu 1995 jiji limeongeza mpango wa kuwalipa wakulima ili wauze haki ya kujenga huku wakibaki na mashamba yao. Ndiyo maana ulikuta stroberi za Pungo, eneo la mashamba la upande huo wa kusini. Waliojenga mipaka ili Norfolk isiwafikie walilazimika kujenga mpaka mwingine ndani, safari hii dhidi ya ukuaji wao wenyewe.

Tarafa saba za jiji jipya nazo zinastahili maneno machache, maana hapo ndipo mtu huona kama muungano ulikuwa wa haki. Mkataba wa muungano uliigawa ardhi kuwa tarafa za Bayside, Blackwater, Kempsville, Lynnhaven, Princess Anne, Pungo na Virginia Beach. Sita ni zilezile wilaya za kaunti. Ya saba ni mji wa zamani. Watu wa mashambani waliogopa kuzidiwa na viunga, na watu wa ufukweni waliwaogopa wote. Baada ya mvutano mahakamani likatoka baraza la watu 11: wanne kutoka popote, na saba ambao kila mmoja lazima aishi katika tarafa yake, lakini wote 11 wakipigiwa kura na jiji zima. Blackwater ilikuwa na watu 733. Bayside ilikuwa na zaidi ya 29,000. Kila moja ikawa na mtu wake barazani. Kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1967, katika shauri la Dusch dhidi ya Davis, majaji wakasema mpango huo haukiuki katiba: kwa kuwa diwani anachaguliwa na jiji zima, yeye ni diwani wa jiji zima, na tarafa ni masharti ya makazi tu.

Naielewa hoja ya kisheria, lakini sikubaliani na wanaoisifu kama busara ya waasisi. Mfumo wa kumchagua kila diwani kwa kura za jiji zima uliwatuliza wakulima miaka ile, na miongo iliyofuata ukawa mzigo kwa watu weusi na wahamiaji, waliokuwa wengi katika baadhi ya mitaa lakini wachache jijini kwa jumla. Mwaka 2021 jaji wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba mfumo huo unadhoofisha kura za walio wachache. Hukumu yake ilifutwa kwenye rufaa kwa kuwa sheria ya jimbo ilikuwa imekwisha kubadilika, ila uchaguzi wa 2022 ukafanywa kwa wadi kumi, kila wadi ikimchagua mtu wake. Makubaliano yaliyofanywa kwa haraka ili kumkimbia jirani yalichukua karibu miaka sitini kurekebishwa.

Na maji? Hayo ndiyo sehemu ninayopenda kuwasimulia wanafunzi. Jiji lilikua, na likaendelea kununua maji ya Norfolk kwa masharti ya Norfolk. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 likaamua kujitafutia chanzo chake: Ziwa Gaston, kwenye mpaka wa Virginia na North Carolina, kwa bomba la maili 76, yaani kilomita kama 122. North Carolina ikapinga, kesi zikafuatana kwa zaidi ya muongo mmoja, na maji yakaanza kutumika mwaka 1998. Lakini maji hayo ya Gaston yanaingia kwanza katika mabwawa ya Norfolk, yanasafishwa katika mtambo wa Norfolk, ndipo yanafika bombani kwa dada yako.

Jirani ya dada, kwa umri wake, atakuwa na cheti cha kuzaliwa kinachosema Princess Anne County, na ni sahihi kabisa. Cheti huandika mahali jinsi palivyoitwa siku mtoto alipozaliwa. Hili lina faida kwa yeyote anayefuatilia ukoo kule, wakiwamo Waafrika wengi walioolewa au kuoa katika familia za Wamarekani weusi wa pwani ile. Ukikuta Princess Anne kwenye karatasi, usipoteze muda kutafuta ofisi ya kaunti. Vitabu vyake vya ardhi, wosia na ndoa, tangu 1691, viko kwa karani wa mahakama ya Virginia Beach, na nakala nyingi ziko Maktaba ya Virginia mjini Richmond. Ukihitaji ya kabla ya 1691 tafuta vya Lower Norfolk, ambavyo vilirithiwa na Norfolk County na sasa viko Chesapeake. Kwa vizazi na vifo kuna pengo: jimbo liliandikisha kati ya 1853 na 1896, likaacha, likaanza tena mwaka 1912. Kwa familia zilizotoka utumwani, sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza inayowataja wote kwa majina. Kabla yake inabidi kupekua wosia na orodha za mali za waliowamiliki, kazi chungu, lakini vitabu vya Princess Anne vimehifadhika vizuri na humo majina yamo. Humo pia imo kesi ya Grace Sherwood, mwanamke wa Pungo aliyetupwa mtoni akiwa amefungwa, mwaka 1706, ili kupima kama ni mchawi. Alielea, akafungwa jela. Gavana Tim Kaine alimsafisha jina mwaka 2006, miaka mia tatu kamili baadaye. Ile barabara iitwayo Witchduck, ambayo bila shaka ulipita, inamhusu yeye.

Tuje Kiambu. Mwaka uleule wa 1963 Nairobi ilifanya kama Norfolk: mipaka yake ilipanuliwa mara kadhaa ya ukubwa wa awali, na Dagoretti, iliyokuwa upande wa Kiambu, ikaingizwa jijini pamoja na Karen, Embakasi na mbuga ya wanyama. Kwa hiyo hofu yako haitoki hewani. Wazee wa Kiambu wamewahi kuona tonge likiondoka.

Lakini sheria ya leo ni nyingine. Kenya, jiji liko ndani ya kaunti na linaendeshwa na bodi iliyo chini ya serikali ya kaunti. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2021 na Eldoret mwaka 2024, wala hakuna hata ekari moja iliyotoka katika kaunti zao. Nairobi na Mombasa ndizo zilizo jiji na kaunti kwa wakati mmoja. Nairobi haiwezi kwenda mahakamani kudai Ruiru. Ibara ya 188 ya Katiba inataka kwanza tume huru iundwe na Bunge na ipendekeze mpaka mpya, ikizingatia msongamano wa watu, miundombinu, historia, gharama na maoni ya jamii zinazohusika. Kisha azimio lipite kwa theluthi mbili ya wabunge wote na theluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Hesabu kura hizo mwenyewe uone ni maseneta wangapi wangependa kufungua mlango ambao kesho utatumiwa dhidi ya kaunti zao.

Kinachofanana na Virginia ni fedha na maji. Kila kaunti hupata mgawo wa mapato ya taifa kwa fomula ambayo idadi ya watu ina uzito mkubwa ndani yake, kwa hiyo Kiambu ikipoteza Ruiru itapoteza mgawo pamoja na kodi ya ardhi. Tofauti na Princess Anne, walimu wako wanalipwa na tume ya kitaifa. Shule hazingebadilisha mwajiri hata mpaka ukihama. Na maji ya Nairobi kwa sehemu kubwa yanatoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, ambako viongozi wamekuwa wakidai malipo kwa miaka. Mwenye bwawa kule kwetu ni kaunti ya mashambani, na mwenye kiu ni jiji. Norfolk ilikuwa jiji na tena ndiyo mwenye bwawa.

Kuhusu kufutwa kwa kaunti yote, kama ilivyofutwa Princess Anne, majina ya kaunti 47 yameandikwa katika Jedwali la Kwanza la Katiba, na muundo wa ugatuzi unalindwa na Ibara ya 255. Sioni jinsi ya kuliondoa jina moja bila kura ya maoni ya nchi nzima, ambayo ni lazima angalau asilimia 20 ya waliojiandikisha wajitokeze katika nusu ya kaunti zote. Mwaka 1962 watu wa ufukweni na wa Pungo waliamua jambo lao wenyewe kwa siku moja. Swali la Kiambu na Nairobi lingeamuliwa pia na mpiga kura wa Kwale na wa Turkana.